Kichwa cha Siku ya Kwanza

Nilipotoka chuo cha ukunga, katikati ya miaka ya 1980, nilipangiwa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga. Wodi ilikuwa na dirisha la wavu lililotazama baraza, na barazani ndiko walikoshinda mama wakwe, mashangazi na majirani, na chupa zao za chai na vikapu vya uji, wakimsubiri mgeni. Mtoto akitolewa kuonyeshwa, swali la kwanza lilikuwa kama ni wa kike au wa kiume. Swali la pili halikuulizwa kwa mdomo. Mtu alifunua khanga, akamtazama mtoto kichwani, kisha akageuka kutazama dirishani, alikolala mama yake.

Kichwa kirefu kilichochongoka kisogoni kilikuwa na tafsiri moja tu pale barazani: mama kambana mtoto. Kaogopa, kafunga mapaja, hakusukuma alipoambiwa sukuma. "Mkwe, mbona mjukuu wangu ana kichwa kama papai? Ulifanyaje huko ndani?" Nimelisikia swali hilo, kwa maneno hayo au yanayokaribia hayo, mpaka nikastaafu. Na watu wa barazani hawakulibuni wenyewe. Walilipata ndani, kwetu sisi wauguzi. Leba za siku zile zilikuwa na kelele (za siku hizi nasikia baadhi zimetulia): "Panua miguu, unambana mtoto! Unataka kumuua mwanao?" Maneno ya kumhimiza mzazi yalivuka ukuta, na yakifika nje yalikuwa yameshageuka ushahidi.

Mapaja hayana kazi hiyo. Fuvu la mtoto anayezaliwa limeundwa kwa vipande vya mifupa ambavyo bado havijashikana: viwili vya paji la uso, viwili vya juu pembeni, kimoja cha kisogo, na vingine vidogo vya ubavuni, vyote vimeunganishwa kwa utando. Kichwa kinaposhuka kwenye nyonga, mifupa hiyo husogeleana, ikibidi hupandana, na kichwa hupungua upana kikaongezeka urefu. Kinachokiumba ni nafasi ya nyonga, nguvu ya uchungu, namna mtoto alivyoinamisha kidevu, na muda aliokaa pale chini. Ndiyo maana uzazi wa kwanza, unaochukua saa nyingi, hutoa vichwa virefu kuliko wa tatu au wa nne. Ndiyo maana pia mtoto aliyetolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu kuanza hutoka na kichwa cha duara ambacho baraza zima hukisifia, ingawa yeye na mama yake hawakufanya lolote la kustahili sifa. Na yule aliyekaa tumboni matako chini kwa wiki nyingi mara nyingine hutoka na utosi bapa na kisogo kilichotokeza nyuma, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimebanwa juu, chini ya mbavu za mama.

Sisi tulijifunza kukisoma kichwa kabla hakijatoka. Chati ya uchungu, ile tunayoiita partografu, ilipata mistari yake miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, kwa kazi ya Philpott na Castle huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1972. Baada ya mkutano wa Nairobi wa 1987 kuhusu uzazi salama, Shirika la Afya Duniani likaisambaza kwa nguvu, na kwetu ikafika ikiwa karatasi iliyorudufiwa mpaka mistari imefifia. Ndani yake kuna safu ya kuandika hali ya mifupa ya kichwa. Unaingiza vidole viwili vyenye glovu, unatafuta maungio ya fuvu. Ukikuta mifupa imeachana, unaandika sifuri. Ikigusana, alama moja ya kujumlisha. Ikipandana lakini ukiibonyeza inaachana, alama mbili. Ikipandana na haiachani hata ukiibonyeza, tatu. Inchaji wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alitufundisha kwamba ukiandika tatu, acha kumfokea mzazi, toka kamwite daktari. Hapo tatizo si woga wa mtu. Njia ni ndogo kuliko kinachopita, au mtoto amekaa vibaya.

Wengine walifika alama tatu kabla hata ya kuingia getini. Walitoka vijiji vya milimani, wamekaa na uchungu usiku kucha na mchana wake, wakaletwa juu ya lori la machungwa. Watoto wao walizaliwa na vichwa vilivyovutika hasa, na juu yake uvimbe mlaini wa maji chini ya ngozi, unaobonyea ukiuweka kidole. Uvimbe huo unatisha kwa macho na ni wa kupita. Unavuka maungio ya mifupa kwa kuwa uko kwenye ngozi tu, na siku mbili tatu umeshanywea. Mifupa nayo hurudi mahali pake ndani ya wiki hivi. Kwa hiyo nilikuwa na jibu moja kwa kila mama mkwe: "Mama, usikihukumu leo. Kitazame siku ya saba."

Siku ya saba nilikuwa na sababu ya kuichagua. Kwa familia nyingi za kwetu ndiyo siku ya akika, mtoto ananyolewa, na kichwa kinabaki wazi mbele za watu.

Mara moja niliitwa kwenye shughuli hiyo nyumbani kwa watu, si kwa pilau, bali kwa ugomvi. Mtoto alikuwa amevutwa kwa vakyumu. Siku hizo tulitumia kikombe cha chuma cha aina aliyoianzisha Msweden Tage Malmström miaka ya 1950, kinashikizwa kichwani kwa pampu ya mkono, daktari anavuta mama anaposukuma. Kikombe huacha kinundu cha duara ambacho kwa kawaida hupungua siku hiyo hiyo. Huyu kinundu kilipungua, lakini kesho yake upande wa kulia ukaanza kuota uvimbe mwingine, mgumu kidogo, na kila siku ukaongezeka. Nywele zilipoondoka kwa wembe, kila aliyekuwepo aliuona. Bibi yake alikuwa ameshamtuma mtu akamwite fundi wa kuchanja, damu mbaya itolewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, sista. Njoo uone mlichomfanya mwana huyu."

Nilikaa naye mkekani, mtoto mapajani mwa mama yake. Nikamwomba bibi aweke kidole chake pembezoni mwa uvimbe, aufuate taratibu mpaka katikati ya kichwa.

"Unasikia nini hapo, bibi?"

"Nasikia umekoma. Kama una ukingo."

"Ndiyo. Hiyo ni damu, unasema kweli. Lakini imevujia kati ya mfupa na ngozi yake ya ndani, na ngozi hiyo imeshonwa na mfupa pale kwenye ungio. Haiwezi kuvuka kwenda mfupa wa pili, na haiko kwenye ubongo."

"Basi si itolewe?"

"Ikitobolewa, uchafu unaingia. Sasa hivi hakuna mlango. Mwili wake wenyewe utainywa."

Alinipa masharti: akitoka arobaini haijashuka, fundi ataitwa na mimi nisitie mguu. Mama wa mtoto nilimwambia jambo jingine pembeni, amtazame macho na ngozi kila asubuhi mwangani, maana damu ile ikivunjika huzidisha manjano, na manjano yakikolea mtoto hasubiriwi nyumbani.

Kabla ya arobaini niliitwa tena. Safari hii fuvu "limetoboka". Nilipogusa nilielewa hofu yao: uvimbe ulikuwa umeanza kukauka kutoka pembeni, ukingo wake umekuwa mgumu, katikati bado pana ulaini, na kidole kinakudanganya kabisa kwamba kuna shimo. Hakukuwa na shimo. Uvimbe wa namna hiyo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi mitatu, na mara chache hubaki kinundu cha mfupa kinachomalizika polepole mtoto akikua. Huyu alipoanza kukaa mwenyewe, kichwa chake kilikuwa sawa pande zote. Bibi hakuniambia kitu. Alinipelekea mkungu wa ndizi.

Katika uvimbe wa mwanzo kuna mmoja tu ambao sikuwahi kumwambia mtu asubiri siku ya saba. Huo nao huja zaidi baada ya vakyumu, lakini hauna ukingo. Ni mlaini, unayumba ukiugusa, unaenea kutoka utosini kwenda nyuma ya masikio na kushuka shingoni, na mtoto anazidi kupauka. Damu imeingia kwenye nafasi pana iliyo chini ya ngozi nzima ya kichwa, na nafasi hiyo haishibi haraka. Mtoto wa kilo tatu ana damu kama robo lita mwili mzima. Kwa hiyo kila aliyevutwa kwa vakyumu tulimgusa kichwa mara kwa mara katika saa za mwanzo, tukizungusha viganja mpaka kisogoni, na tulipoona kinaongezeka tulikimbia maabara kutafuta damu.

Nyumbani kazi ya kichwa ilikuwa ya bibi. Katika siku arobaini za uzazi, mama anakandwa kwa maji ya moto na mtoto anakandwa kichwa: mafuta ya nazi yaliyopashwa, viganja viwili, kisogo kinasukumwa, paji linalainishwa, na pua inavutwa kidogo maana umeshafika hapo. Sikuligombania hilo. Mikono mingi ya mabibi niliyoiona ilikuwa myepesi, mtoto analala nayo usingizi mzuri, na kwa vile kichwa kilikuwa kinajirudi chenyewe wiki hiyo hiyo, sifa zilikwenda kwa mafuta. Nilichokataa ni kukanda penye uvimbe wa damu, na kubonyeza utosi. Anayetaka kujua kichwa cha mtoto kinahitaji nini hasa ili kibadilike umbo, awatazame Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo, ambao zamani walivifunga vichwa vya watoto kwa vitambaa ili virefuke nyuma, urembo walioupenda mpaka ulipokoma katika miaka ya 1950 chini ya utawala wa Wabelgiji. Kazi hiyo ilitaka kufunga siku baada ya siku, kwa miezi mingi. Dakika tano za mafuta ya nazi jioni hazifiki huko.

Utosi nao ulikuwa na hekaya zake. Watu waliuona ukidunda wakasema mtoto ana "ugonjwa wa utosi", akabandikwa dawa. Utosi wa mbele hudunda kwa kuwa ni mlango ambao mfupa haujaufunika, na hufunga kati ya mwaka mmoja na miwili. Ule mdogo wa nyuma hufunga mapema, miezi miwili hivi. Kudunda si ugonjwa. Ukididimia kwa mtoto anayeharisha, hiyo ni dalili kwamba amepungukiwa maji, na dawa ya kubandika haitayarudisha.

Mwanzoni sote, ndani na nje ya wodi, macho yetu yalikuwa kwenye siku ya kwanza. Kichwa kilichonifundisha kutazama kwingine kilikuwa cha binti aliyezaliwa na kichwa kizuri cha duara, sentimita 35 kwa utepe, wastani wa mtoto aliyetimiza miezi yake. Baraza lilifurahi. Wiki ya pili akapata homa na degedege, akatibiwa nyumbani kwa kombe na mafusho, homa ikaisha, watu wakashukuru. Alipoletwa kliniki kwa chanjo, miezi minne, mama yake alikuwa amemfunika kitambaa kikubwa, na alipokitoa akina mama waliokuwa kwenye benchi walisogea. Utepe ulisoma sentimita 49, wakati wa umri wake ni kama 41 au 42. Mishipa ilionekana kwenye ngozi ya kichwa, utosi umekaza na kutokeza, macho yameelemea chini na weupe unaonekana juu ya mboni.

Hicho ndicho kichwa kikubwa, kichwa maji kama wengine wasemavyo. Maji yanayouzunguka ubongo hutengenezwa kila siku na hutoka kila siku. Njia ya kutokea ikiziba, yanajaa, na fuvu ambalo bado halijashikana linafunguka kuyapa nafasi. Kwa wengine kasoro huanzia tumboni, pamoja na mgongo wazi, ambao hutokea katika wiki nne za mwanzo wa mimba, wakati mama hajajua hata kama ana mimba. Vidonge vya foliki asidi tulivyowapa kliniki walipokuja na mimba ya miezi minne vilikuwa vimechelewa kwa jambo hilo. Vinatakiwa kabla ya mimba. Lakini kwa wengine wengi huanza kama kwa binti yule, na uambukizi wa siku za mwanzo. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya upasuaji wa ubongo kwa watoto huko Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye vichwa maji waliofikishwa kwake walivipata kutokana na maambukizi. Na kwa kuwa mpira wa kunyonya maji huziba na mama wa kijijini yuko mbali na hospitali, aliendeleza huko njia ya kufungua tundu ndani ya ubongo ili maji yapite bila mpira.

Binti yetu alipelekwa Muhimbili, akawekewa mpira unaopita chini ya ngozi ya shingo na kifua kumwaga maji tumboni. Aliishi. Alichelewa kukaa na kutembea, na macho hayakupona vizuri. Ukoo wa baba ulishaamua kwamba mama alikuwa na jini, na ndoa ikavunjika wakati mtoto yuko wodini. Tangu hapo nikawa nawaambia wazazi maneno yaliyowashangaza: kichwa kibaya cha siku ya kwanza kwa kawaida hakina neno, cha kuogopwa ni kile kilichozaliwa kizuri halafu kikabadilika.

Kipo pia kinachobaki vilevile wakati wenzake wanajirudi. Nilimwona mvulana ambaye kichwa chake kirefu na chembamba, mbele hadi nyuma, kilizidi kurefuka mpaka mwezi wa tatu, na ukipitisha kidole katikati ya utosi unakuta tuta la mfupa. Maungio ya katikati yalikuwa yameshikana kabla ya wakati, kwa hiyo fuvu halikuweza kupanuka kwa upana. Mjerumani Rudolf Virchow alishaieleza kanuni hiyo mwaka 1851: fuvu hushindwa kukua kukatiza ungio lililofunga, likakua kuelekea upande mwingine. Kufunga mapema kwa maungio ya fuvu, ukijumlisha aina zake zote, hutokea kwa mtoto mmoja katika kama 2,000 au 2,500, na upasuaji wake unafaa ufanywe ndani ya mwaka wa kwanza.

Mwaka 2016 redio zilijaa habari za vichwa vidogo vya Brazil. Virusi vya Zika, vilivyogunduliwa 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, vilikuwa vimewaathiri watoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 1 Februari. Wajawazito walikuja kliniki wakitaka wapimwe. Desemba, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba ikatangaza matokeo yake kuhusu Zika, na mara mkurugenzi wake mkuu akaondolewa kazini. Wizara ikasema nchi haina mlipuko. Kliniki ikarudi kuzungumzia malaria.

Siku hizi vichwa ninavyoulizwa huja kwa simu. Mpwa wangu anayeishi Uholanzi alinitumia picha ya mwanawe wa miezi minne, kisogo bapa upande wa kulia. Huko watoto hulazwa chali, na ni sawa: tangu Wamarekani waanze kuwashauri wazazi hivyo mwaka 1992, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana. Gharama yake ni visogo bapa, maana fuvu laini likikaa upande mmoja hufuata godoro. Mpwa alikuwa anataka kununua kofia ngumu ya kunyoosha kichwa. Nilimwambia kwamba hukohuko kwao, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta watoto waliovaa kofia hawakupata nafuu kuwazidi wasiovaa. Amlaze chali bila mto, ambadilishie upande wa kutazama, amlaze kifudifudi akiwa macho na yeye yupo, na amfunge mbeleko. Na amwangalie shingo, kama inageuka sawa pande zote, kwa sababu msuli wa shingo uliokaza humfanya mtoto alalie upande mmoja kila siku.

Kliniki nilizofanyia kazi zilimpima kila mtoto uzito na zikaacha kichwa, eti muda hautoshi. Kipimo chenyewe ni futi kamba ya fundi cherehani, inayopita juu ya nyusi na kuzunguka kisogo pale palipotokeza zaidi. Mwenye mtoto mchanga nyumbani akipime kichwa mara moja kwa mwezi na kuandika nyuma ya kadi. Kichwa huongezeka kama sentimita mbili kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo, moja kwa mwezi katika mitatu inayofuata, kisha nusu, mpaka kama sentimita 46 mwaka ukitimia. Kikiongezeka kwa kasi kuliko hivyo, mtoto aonwe na daktari wiki hiyo. Utosi ukivimba na mtoto ana homa, asikandwe wala kufukizwa: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.